Kanuni Mbili kwenye Lami Moja

Saarah alipigwa kofi kwa ajili ya kilo kumi na moja.

Gari lilikuwa juu ya mizani, namba zimetulia, naye amekwisha kuandika. Mwenye gari, mwanamume mpana wa mabega aliyelileta kwa lori kutoka kusini mwa Durban, alimtaka apime tena. Akapima tena. Namba zikarudi zilezile. Gari lilikuwa jepesi kuliko kanuni, na gari jepesi lilikuwa halikimbii mbio za hapo.

"Kwa Govender napita na uzito huu kila Jumapili," mwanamume alisema.

"Hapa si kwa Govender."

Kofi likatua. Lilimzungusha Saarah, mtandio ukamtoka kichwani, na mdomoni akaonja damu yake mwenyewe. Hakulia. Aliokota mtandio, akajifunga, akachukua karatasi nyekundu ya kukataliwa na kuibandika kwenye boneti ya gari lile, taratibu, kona moja baada ya nyingine. Yule mwanamume akaanza kuipiga mizani mateke. Mafundi wawili wakamwangusha chini na mmoja akamkalia shingo mpaka uso ukawa wa zambarau, na ni Saarah huyohuyo aliyewaambia wamwache apumue.

Yule mwanamume alipoondoka, wenzake watatu aliokuja nao wakapakia magari yao pia. Magari kumi yakabaki sita. Watazamaji wakatazama magari sita yakifukuzana kama watu wanaotafutana gizani, na wengine wakaenda nyumbani kabla ya mbio za mwisho.

Saarah alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Alizaliwa Durban, katika wale Waislamu ambao mji mzima huwaita Wazanzibari, na Kiswahili chake alipewa na bibi yake, kisha kikanolewa na madereva wa Kikongo waliomzunguka kila Jumapili. Siku za kazi alikagua magari ya watu kwenye kituo kimoja karibu na Greyville. Jumapili alikagua ya mashindano kwa ami yake, Essop, mwenye uwanja mdogo wa lami nyuma ya vilima vya Cato Manor, mzunguko mmoja mita mia nne, ukuta wa zege pande zote.

Kulikuwa na uwanja mwingine kama huo, wa Govender, saa moja kwa gari kuelekea kusini, katikati ya mashamba ya miwa. Zamani viwanja vyote viwili vilitumia kitabu kimoja cha kanuni. Dereva alikimbia Jumapili hii kwa Essop, Jumapili ijayo kwa Govender, na gari lilelile. Halafu Govender akaona watu wanasimama na kupiga mayowe magari yanapogongana. Akaruhusu kugonga. Alipokwisha kuruhusu kugonga, madereva wakataka bampa za mabomba ya chuma, akaruhusu. Kisha matairi laini ya mashindano, yale yasiyo na mistari, yanayoshika lami kama gundi. Kisha akapunguza uzito. Essop kwa hasira akakaza kila alipolegeza mwenzake: bampa ya kiwandani tu, tairi la barabarani tu, na anayemgusa mwenzake anarudishwa nyuma ya wote.

Ndani ya miaka mitatu gari la huku likawa haliwezi kwenda kule, wala la kule kuja huku. Mwenye gari moja alilazimika kuchagua. Wachache walichagua. Wengi walichoka, wakafunika magari yao maturubai. Saarah ndiye aliyeandika idadi kila Jumapili: ishirini na nne, kumi na saba, kumi na mbili, sita. Na kwa Govender, alisikia, hali haikuwa nzuri zaidi.

Miongoni mwa waliogawanyika walikuwa Désiré na Serge, wote wawili watu wa Bukavu. Désiré alikuwa fundi wa kunyoosha mabati ya magari Greyville, mtu mwembamba, msafi, anayeendesha kama anayeshona. Serge alikuwa na duka la simu Overport, mtu wa kicheko kikubwa na mikono mizito. Zamani walivuta magari yao kwa trela moja, wakikopeshana spana. Désiré akabaki kwa Essop. "Uzuri wa mbio ni kupita bila kugusa," alikuwa akisema. Serge akaenda kwa Govender. "Kugusa ndiyo mbio yenyewe," alijibu, na trela ikabaki kwa Désiré.

Wiki moja baada ya lile kofi, Essop alimwita Saarah ofisini, chumba cha mabati chenye meza moja. Alikuwa na karatasi mkononi na macho yanang'aa.

"Magari ishirini na moja, Saarah. Ishirini na moja! Nimetangaza mbio za wazi. Kila gari linakuja na kanuni za kwake. Wa Govender na bampa zao, wetu na za kwetu."

Saarah alidhani hakusikia vizuri. "Pamoja? Kwenye mbio moja?"

"Pamoja."

"Ami, unataka kutia nyundo na mayai kwenye mfuko mmoja."

"Nitawaambia marufuku kugonga."

"Haitoshi. Sitaruhusu."

Essop aliweka karatasi ya kibali mezani, akailainisha kwa kiganja. "Mwanangu, uwanja ukifa, kanuni zako utamkagulia nani? Saini, au nitamtafuta mwingine asaini."

Saarah angeweza kutoka. Lakini ukweli ni kwamba na yeye alitamani kuona magari ishirini na moja. Alitamani zile ngurumo za zamani, zile zilizomtetemesha kifua alipokuwa msichana, siyo magari sita yanayokohoa. Alisaini. Baadaye, alipoulizwa na polisi, hakusema kwamba alilazimishwa.

Jumapili ya mbio za wazi uwanja ulijaa mpaka watu wakakaa juu ya ukuta wa nje. Kabla ya mbio Essop aliwakusanya madereva na kuwaambia kwamba leo hakuna kugonga. Serge akanyoosha mkono.

"Baba Essop, mimi na matairi yangu breki nakamata palepale kona inapoanza. Désiré na yake anakamata mapema, mita kumi kabla yangu. Sasa mita kumi zile mimi naenda wapi? Naruka juu yake?"

Watu wakacheka. Saarah hakucheka, kwa sababu lilikuwa swali la kweli. Alimtazama ami yake.

"Utatumia akili," Essop alisema, akafunga mkutano.

Raundi ya kwanza ilimaliza magari mawili. Gari la Govender lilimkuta mtu wa Essop kwenye kona ya pili, bampa ya chuma ikaingia chini ya bampa ya plastiki kama koleo kwenye mchanga, na gari likasukumwa ukutani hadi injini ikarudi nyuma kwa dereva. Dereva alitoka anachechemea, akavua kofia yake ngumu, akaishika kwa mkanda na kumpiga nayo aliyemgonga, mara tatu, usoni, kabla hajashuka kwenye gari. Meno yalibaki kwenye dashibodi. Watu juu ya ukuta walipiga makofi.

Raundi ya pili Serge alimgusa Désiré. Hakumtoa njiani, alimpasulia pembe ya nyuma ya gari tu, lakini Désiré alipofika eneo la mafundi alitembea moja kwa moja hadi kwenye gari la Serge, akamvuta kwa kola kupitia dirishani na kumpiga ngumi ya pua. Serge alishuka akiwa anavuja damu mpaka kidevuni, akamkumbatia Désiré kama ndugu na kumpiga kichwa katikati ya nyusi. Wakaanguka wote wawili kwenye oili iliyomwagika. Ilichukua watu watano kuwatenganisha.

"Swali niliuliza mbele ya watu!" Serge alikuwa anapiga kelele. "Nani alinijibu? Wewe ukija kunipiga tena, fainali nitakutafuta! Unasikia? Nitakutafuta!"

Tina, mke wa Désiré, alishuka mbio kutoka kwa watazamaji na mikono bado ina harufu ya dawa za saluni. Alimfuta mumewe uso kwa kanga. "Twende nyumbani, chéri. Tafadhali."

"Imebaki fainali tu," Désiré alisema.

Saarah alimkimbilia ami yake. "Simamisha. Sasa hivi. Wataua mtu."

"Unaona watu wale?" Essop alionyesha ukuta. "Miaka mitatu hawajaja. Mbio moja tu, Saarah. Halafu tutakaa, tutaongea."

Angeweza kuchukua bendera nyekundu ya kusimamisha mbio mwenyewe. Ilikuwa imesimamishwa pale, hatua nne kutoka alipokuwa. Badala yake alichukua mtaimbo, ule wa kufungulia milango iliyobanwa, akaenda kusimama kona ya pili, kwa sababu alijua ni pale ajali itakapotokea.

Magari kumi na manne yalianza fainali. Désiré alikuwa mbele tangu mwanzo, anakata kona kwa upole wake uleule, na nyuma yake Serge, karibu kiasi kwamba mtu asingeweza kupitisha mkono kati yao. Mizunguko kumi walienda hivyo. Kila kona Serge alilazimika kuondoa mguu kwenye mafuta mapema, na kila kona gari lake lilitikisika kwa kuzuiwa. Saarah aliona yote. Aliona kwamba mtu huyu, kwa kweli, alikuwa anajizuia.

Mzunguko wa kumi na nne Désiré aliona gari lililoachwa nyuma mzunguko mzima limeteleza na kugeuka mbele yake, akakanyaga breki mapema kuliko kawaida. Serge hakuwa na pa kwenda. Chuma kiliingia. Nyuma ya gari la Désiré iliinuka juu kabisa, matairi yakizunguka hewani, kisha likaenda ukutani ubavu wa dereva. Mlio haukuwa mkubwa. Ulikuwa mkavu, kama mlango wa nyumba uliofungwa kwa upepo. Gari likajiviringisha mara moja, likatua kwa magurudumu katikati ya lami, na gari la tatu likaligonga palepale lilipotua.

Saarah alikimbia. Moshi na mvuke ulikuwa mwingi. Alipofika alimwona Serge yuko pale kabla yake, nusu ya mwili wake dirishani, mkono wa kushoto kifuani mwa Désiré karibu na koo, anavuta, anapiga kelele kwa lugha ya kwao. Kichwa cha Désiré kilikuwa kinayumba huku na huku kwa kila mvuto. *Nitakutafuta*, ndilo neno lililomjia.

"Mwache!"

Serge hakugeuka.

Saarah aliinua mtaimbo kwa mikono miwili na kumpiga mkono ule, chini ya kiwiko. Alisikia mfupa. Serge alitoa sauti kama ya mnyama, akaanguka magotini, mkono umekunjika mahali ambapo mkono haukunjiki. Akamtazama Saarah, na usoni mwake hapakuwa na hasira, palikuwa na mshangao mtupu.

"Petroli," alisema. "Mama Saarah, petroli. Mkanda umekwama."

Ndipo akaiona. Ilikuwa inachuruzika kutoka chini ya kiti cha nyuma, inatambaa juu ya lami hadi miguuni mwake, na harufu yake ilikuwa imejaa hewani muda wote huo bila yeye kuinusa. Aliutupa mtaimbo. Aliingiza mikono kwenye mkanda, vidole vyake vikateleza kwenye damu. Moto ulishika kwa mlipuko mdogo, laini, ukapita chini ya gari na kuingia miguuni mwa Désiré, naye akaamka kwa mayowe.

Serge ndiye aliyemtoa. Kwa mkono mmoja, meno yamekaza, alikata mkanda kwa kipande cha bati kilichovunjika, akamshika Désiré kwapani na kuvuta, Saarah akivuta upande mwingine, mpaka wote watatu wakaanguka nyuma kwenye lami. Watu wa mitungi ya kuzimia moto walifika wakati huo. Suruali ya Désiré ilikuwa imeungana na ngozi.

Juu ya ukuta hapakuwa na anayepiga makofi tena. Lakini kwenye eneo la mafundi vita vilikuwa vimeanza, watu wa Essop na watu wa Govender, kwa spana na kwa minyororo ya kuvutia magari, na gari la wagonjwa lilichelewa getini kwa sababu watu walikuwa wanapigana mbele yake.

Hospitalini, kwenye korido, Tina alimkuta Saarah ameketi. Alimshika mtandio kwa nyuma na kumgongesha uso ukutani, mara moja, mara mbili, mpaka muuguzi akaja.

"Ulisaini!" Tina alisema alipovutwa. "Ulijua, ukasaini! Na mtu alikuwa anamtoa, ukamvunja!"

Saarah hakuinua mikono. Nyusi ilikuwa imepasuka na damu ilimwingia jichoni, na aliiacha iingie.

Asubuhi iliyofuata Essop alikuja nyumbani kwake. Alikuwa amezeeka usiku mmoja. Alikunywa chai yote kwanza, ndipo akasema alichokijia.

"Polisi watakuuliza. Waambie lile bampa la chuma Serge hakuwa nalo ulipokagua. Sema alilibadilisha baadaye."

"Alikuwa nalo, Ami. Nililipima. Nililiandika."

"Sahihi yako na yangu ziko karatasi moja, Saarah. Tutazama wote."

"Basi tuzame."

Kikombe kilipita karibu na sikio lake na kuvunjikia ukutani. Essop alitazama vipande, kisha mkono wake mwenyewe, kama mkono wa mtu mwingine. Akatoka. Tangu siku ile hakuongea naye tena, hata kwenye msiba wa ndugu yao walisimama pande mbili.

Saarah alikwenda kituo cha polisi kwa miguu yake. Alieleza mambo mawili, alichosaini na alichopiga, na hakuyachanganya. Serge alimshtaki, na hakuna aliyemlaumu. Hakimu alimpa kifungo cha miezi sita, akakiahirisha kwa masharti kwamba asipige mtu tena. Désiré alilala hospitalini miezi miwili. Vidole vitatu vya mguu wa kulia vilikatwa. Uwanja wa Essop ulifungwa, na kwa Govender nako, baada ya watu kuona picha zile kwenye simu zao, Jumapili moja walikuja madereva watano tu.

Mwisho madereva wenyewe waliitisha mkutano, kwenye ukumbi wa kukodi Overport, mchana wa Jumamosi. Govender alikuja. Essop hakuja. Saarah aliombwa alete rasimu ya kanuni za viwanja vyote, na aliisoma kwa sauti, akiwa amesimama, kovu jekundu bado kwenye nyusi. Hakufika ukurasa wa pili. Mtu alisema bampa, mwingine akasema woga, kiti kikaruka, na mtu wa watu akavunjwa pua mbele ya meza ya chai.

Kelele zilikatwa na Désiré. Alikuwa ameingia na magongo bila kuonekana, Tina nyuma yake. Alilipiga gongo moja kwenye meza hadi wakamsikiliza.

"Matairi," alisema. "Mnapigania bampa. Bampa haikunichoma mimi. Huyu Serge alikuwa anashika breki pale, mimi nashika hapa. Aliuliza, mkacheka. Mimi pia nilicheka. Anza na matairi."

Walipiga kura. Tairi moja kwa wote, la barabarani, lilipita. Uzito mmoja ulipita kwa tofauti ya kura mbili. Bampa haikupita, na ruhusa ya kugonga haikuguswa kabisa, ila walikubaliana kwamba gari lenye chuma na lisilo na chuma hayatakimbia pamoja, popote. Hivyo zilibaki mbio za aina mbili, za wenye chuma na za wasio nacho. Madereva saba walitoka kabla ya mwisho wakiapa hawatarudi, na wanne kati yao hawakurudi kweli. Ukaguzi walimpa Saarah. Tina alipiga kelele kwamba ni haramu. Lakini Désiré alisema ni afadhali mtu anayejua sahihi yake ina uzito gani.

Jumapili ya kwanza ya kanuni mpya, kwa Govender, upepo ulikuwa unavuma kutoka kwenye miwa na magari yalikuwa kumi na tisa. Serge alikuwa wa mwisho kwenye foleni. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umerudi, lakini haukunyooka, na alipobadilisha gia ilimbidi ainamishe bega lote. Alisogeza gari juu ya mizani. Hakumsalimia.

Saarah alipima uzito. Alikagua matairi, moja baada ya jingine. Aliingia ndani ya gari na kuvuta mkanda, akavuta tena kwa nguvu, na bolti ya kushoto ikacheza.

"Hii haijakaza," alisema.

Serge alileta spana. Kwa mkono ule hakuweza kuikaza mpaka mwisho, akabadilisha mkono, akakaza, akarudi nyuma. Saarah akavuta mara tatu. Haikucheza. Akaandika, akasaini.

"Mimi nilikuwa namtoa," Serge alisema, akiitazama kalamu.

"Najua."

"Ulifikiri namuua."

"Ndiyo. Nilifikiri unamuua."

Serge alikunja na kukunjua vidole vya mkono mbovu. Kisha akachukua karatasi yake, akavaa kofia ngumu, na kuendesha gari taratibu kuelekea kwenye mstari, ambako wenzake walikuwa wamekwisha kuwasha injini.